Mgongo Wangu Umepewa Fomu

Jamani, mgongo wangu umepewa fomu. Ujaze! Nimeupeleka hospitali ukandwe, uchomwe sindano, nipewe vidonge vya rangi mbili nirudi zangu nyumbani. Nimerudi na karatasi na saa ya mkononi. Saa yenyewe ya kuazima, nimesainishwa kabisa, ikipotea nalipa. Kwa hiyo sasa naumwa mgongo, na nina presha ya saa.

Eti maumivu yakipita miezi mitatu yanaitwa maumivu sugu. Miezi mitatu! Ya kwangu yamekaa mpaka mjumbe wa mtaa anayajua. Nikasema basi nimefuzu, leo napigwa picha ya maana. Wapi. Binti wa fiziotherapia, mdogo hasa, anatoa shikamoo huku ananibonyeza kiuno, akaniambia, "Baba, maumivu tumeyasikia. Sasa tunataka kujua unaishi nayo vipi." Vipi tena? Naishi nayo vibaya!

Fomu ina sentensi 30. Kila moja unaipa alama, 0 ni hapana kabisa, 4 ni wakati wote. Binti kasema imetungwa na watafiti wa Kanada, ikatoka mwaka 2013. Sentensi kumi zinapima kukwepa: kazi unaiacha kwa kuogopa itauma. Kumi zinapima kujikamua: inauma lakini huachi mpaka iishe. Kumi za mwisho zinapima kujigawia: fanya kidogo, pumzika, rudi. Hayo nimeambiwa baadaye, nikiwa nimeshaharibu. Mimi nilijua ukipata alama nyingi ndiyo unapewa dawa kali. Nikashusha 4 mwanzo mpaka mwisho.

Binti akashika kichwa. "Baba, hapa unasema kazi unaiacha mapema. Hapa unasema huiachi kabisa. Na zote wakati wote?"

Nikamwambia ndiyo, binti yangu, hali ni mbaya.

Hapo mama watoto, aliyekuja kunisindikiza tu, akadaka kalamu. Hakuna aliyemwita. "Mwanangu, andika. Jumamosi akiamka vizuri anabeba maji ya nyumba nzima, anahamisha kabati, anapanda kupigilia bati. Jumapili mpaka Alhamisi hata kikombe hanyanyui, tunamletea chai kitandani." Benchi zima la wagonjwa likacheka, na wenye viuno wakashika viuno wakacheka. Binti hakucheka, aliandika. Hiyo iliniuma zaidi. Kumbe inawezekana mtu mmoja akawa mkwepaji na mjikamuaji, kwa zamu: siku nzuri anafagia kazi zote, siku zinazofuata anazilipia. Nilidhani mimi ni shujaa mwenye bahati mbaya. Kumbe ushujaa wangu una alama zake kwenye fomu ya Wakanada.

Tuje kwenye saa. Inahesabu hatua kwa kusikia mkono unavyochezacheza. Sasa panda nayo daladala ya Mbagala jioni. Umesimama, shingo imepinda, mkono umekamata bomba, konda anakusukuma, "sogea mzee, nyuma kweupe!" Mgongo unawaka moto. Unaangalia saa: umepumzika. Beba ndoo begani, mkono umeishikilia, tembea kutoka bombani mpaka uani. Saa kimya, ndoo haijaiona. Jioni mama watoto akanikalisha kwenye mbuzi nikune nazi, eti hiyo si kazi ya mgongo. Watoto wa jirani wamejaa mlangoni wanamtazama baba mzima anakuna nazi. Saa ikafurahi! Hatua zikamiminika, nimekaa pale pale. Kwa mujibu wa hospitali, siku hiyo nimetembea sana.

Halafu kijana wa dukani akanipanikisha, "Mzee, bila hatua 10,000 hujafanya kitu." Usiku nikaizunguka nyumba, mbwa wananibwekea, mlinzi ananimulika tochi ananiuliza natafuta nini. Niliporudi hospitali nikamuuliza binti kuhusu hiyo namba. Akasema imetoka Japani, mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki za Tokyo, kampuni iliuza kidude cha kuhesabia hatua kikabatizwa jina la hatua 10,000. Tangazo la biashara! Nami nimeng'atwa na mbu kwa ajili yake.

Akaniambia mimi dawa yangu ni kipimo cha kazi. Mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Wilbert Fordyce, aliandika tangu 1976 kwamba maumivu yasiwe ndiyo yanayokupa ruhusa ya kuacha. Unapanga kiasi mapema, kiasi unachokimudu. Ukikifikisha, pumzika, hata kama unajisikia simba. Kesho kiasi kile kile, hata kama unajisikia kuku. Mwili ukizoea unaongeza kidogo.

Mimi niliitikia tu niwahi gari. Mama watoto ndiye aliyesikiliza. Amebandika karatasi mlangoni: ndoo mbili asubuhi, basi. Jumamosi nikiamka na nguvu nataka kunyanyua kabati, ananizuia mbele ya wageni, "Acha, dozi yako imeisha." Jumatatu nikijilaza naugulia, ananiletea ndoo badala ya chai. Na amepiga hesabu: maji ninayoleta kwa wiki yamezidi yale ya ushujaa wangu wa Jumamosi.

Ndugu zangu, mnanipa pole ya nini? Zamani nilikuwa najikamua siku moja, nalala mpaka Alhamisi, chai inanifuata na redio pembeni. Mgongo ulinipa likizo nzuri kuliko ya ofisini. Sasa nimepimwa, nimeeleweka, maumivu yamepungua kidogo, na nafanya kazi kila siku ya Mungu. Halafu yule binti ananiuliza, "Baba, unaona maendeleo?" Maendeleo ya nani?