Mama Yu Hai, Shamba Laanza Kugawanywa

Kitambulisho kilipomfikia tu, ndugu yangu alipanda kwetu Mwanda pamoja na fundi wa msumeno wa injini. Mama alikuwa jikoni akichambua maharagwe aliposikia mti wa mgrivea ukianguka mpakani. Akatoka mbio.

"Mama, nimefika miaka 18 na baba hayupo. Hili ni fungu langu, na mbao nimeshaziuza."

Mama hakubishana. Aliketi juu ya gogo, akakataa kuinuka mpaka mzee wa kijiji aje. Mnunuzi akadai advansi yake, nayo ilikuwa imeshaliwa. Dada yetu mkubwa akauza mbuzi wake kuilipa. Tukaanza kupishana uani bila salamu. Baba mdogo akazidisha moto: wagawiwe wavulana, wasichana wataolewa. Kitinda mimba, bado mwanafunzi, akamuuliza mama kama naye atafukuzwa.

Milimani kwetu shamba ni kipande cha mteremko hapa na kingine ng'ambo ya bonde. Ukikosea kugawa, mtu anakosa chakula. Tukachukua barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, tukateremka mahakamani Wundanyi.

Baba hakuacha wosia. Kwa mke mmoja na watoto, Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, iliyoanza kutumika Julai 1, 1981, inampa mjane vyombo vya nyumbani viwe vyake kabisa, na mali iliyobaki aitumie maisha yake yote. Akishafariki ndipo watoto hugawana sawa, wa kike kwa wa kiume, aliyeolewa na asiyeolewa. Kutimiza miaka 18 hakumwondoi mama shambani. Mama naye ana mpaka wake: hawezi kuuza ardhi bila idhini ya mahakama. Na kwa kuwa mmoja wetu alikuwa mdogo, wasimamizi wa mirathi walipaswa kuwa wawili au zaidi. Dada mkubwa akasimama na mama.

Kifungu cha 35 kinamruhusu pia mjane kumpa mtoto sehemu yake mapema, na mtoto anayeona ameonewa anaweza kulalamika mahakamani. Tangazo likatoka katika Gazeti Rasmi la Kenya, miezi sita ikapita, mirathi ikathibitishwa. Hapo mama, kwa hiari yake, akampa ndugu yangu kipande cha juu mbele yetu sote. Leo analima kabeji. Sisi wengine tunasubiri, na mama anavuna.

Vijana wenzangu, mzazi aliyebaki si kizuizi cha urithi wenu. Ndiye mwenye haki ya kwanza. Ketini naye, muombeni, mkishindwana nendeni kortini. Kugusa mali ya marehemu bila mamlaka ni kosa: kifungu cha 45 kinaweka faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.