Punda wa Petroli: Mwongozo wa Kulitumia Jenereta Dogo Bila Kuliua

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hakuna mwenzio anayeonewa kama jenereta dogo la nyumbani. Umeme ukikatika unavuta kamba, linanguruma, na ukoo mzima unalipanda mgongoni: taa, friji, feni, runinga, na shangazi mwenye gauni la harusi linalosubiri pasi. Kabla hatujamzika punda huyu, tufuate hatua sita.

1. Soma kibao. Namba kubwa ubavuni ni ya kuuzia. Ya kazi iko kwenye kibao kidogo. Yale madogo yanayochanganyiwa petroli na oili, yaliyoandikwa 950, kwa kawaida hutoa wati 650 za kudumu. Zile 800 hivi za juu kabisa ni za muda mfupi tu. Wati za kudumu ni mshahara. Wati za juu ni mkopo wa dharura. Hakuna aliyeishi vizuri kwa mkopo wa kila siku.

2. Jumlisha kabla ya kuvuta kamba. Mashine ya kunyolea hula wati 15 hivi, taa tano za LED wati 50, feni 60, runinga ndogo 50. Jumla haifiki 200, na punda anatembea akiimba. Lakini pasi hula 1,000, na birika la umeme hufika 2,000. Chochote kinachotengeneza joto ni mlafi. Kwa hiyo: "Shikamoo shangazi, pasi ya mkaa iko kwa jirani."

3. Friji litangulie. Friji la wati 150 linapoamka hudai mara tatu hadi sita ya hizo kwa muda mfupi, kwa sababu mota yake inaanza kutoka kusimama. Liwashe peke yake, lisubiri litulie, ndipo uongeze vingine kimoja kimoja.

4. Ukiwa mlimani, punguza mzigo. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300. Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, wati 650 hubaki kama 520.

5. Betri ya inveta usiijaze kwa kijiko. Hapa ndipo petroli nyingi inapopotea. Lile tundu la volti 12 kwenye jenereta hutoa ampea 8 tu, yaani wati 100 hivi, hata kama injini ina 650. Betri ya ampea-saa 100 iliyobaki nusu inadai 50. Gawanya kwa 8: zaidi ya saa sita, na kwa kuwa betri hupunguza kupokea inapokaribia kujaa, saa zitazidi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini humaliza galoni.

Tena, katika majenereta mengi tundu hilo halina kidhibiti. Halijui betri imejaa; litaendelea kusukuma mpaka maji ya betri yachemke. Betri ya lithiamu usiiguse nalo kabisa.

Nunua chaja nzuri ya ampea 10 hadi 20, uichomeke kwenye soketi ya kawaida ya jenereta. Chaja ya ampea 20 hula kama wati 350, mzigo ambao punda anaubeba bila kulalamika. Ijaze betri hadi asilimia 80 kwa takriban saa moja na nusu, kisha uzime. Sehemu ya mwisho iachie paneli ya sola, kama unayo. Usiku washa taa kwa inveta, na majirani walale.

6. Punda halali ndani. Moshi wake una kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Jenereta likae nje, mbali na madirisha. Na kamwe usirudishe umeme wake kwenye nyaya za nyumba kupitia soketi ya ukutani: fundi aliye juu ya nguzo anaamini waya umekufa, na ana watoto wanaomsubiri.

Leo, kabla giza halijaingia, chukua kalamu usome kibao. Andika namba mbili ukutani juu ya jenereta lako: wati za kudumu na ampea za tundu la betri. Kila anayekuja na plagi mkononi azisome kwanza.