Jinsi ya Kuumbuka Ukibishania Injili

Umekaribishwa chai. Shemeji anaapa kwamba Injili zimetufikia bila nukta kuhama. Jirani yake anaapa zilipikwa na Warumi. Ukitaka kuumbuka mbele yao, upande wowote ule, fuata hatua hizi.

1. Taja Nisea. Sema Konstantino aliwaita maaskofu mwaka 325 ili wachague vitabu vya Biblia. Waliosoma hayo riwayani wataitikia kwa kichwa. Lakini walichobishania maaskofu kule ni Mwana na Baba, pamoja na tarehe ya Pasaka. Orodha ya kwanza tunayoijua yenye vitabu 27 vilevile vya Agano Jipya la leo ni ya Athanasio wa Aleksandria, katika barua ya mwaka 367.

2. Rusha namba, kisha nyamaza. Ukiwa na shemeji, sema hati za Kigiriki ni zaidi ya 5,000. Usigusie kwamba nyingi ni za Zama za Kati, wala kwamba kipande kinachotajwa sana kuwa kikongwe kuliko vyote, kile cha Yohana kilichoko Manchester, hakijai kiganja. Nakala mia za risiti hazithibitishi kuwa mzigo ulifika. Ukiwa na jirani, sema hati hizo zinapishana mahali maelfu kwa maelfu. Usigusie kwamba sehemu kubwa ni tahajia na mpangilio wa maneno. Pazito ni pachache na panajulikana: Marko 16:9–20 haimo katika hati za Sinai na Vatikano, na kisa cha mwanamke mzinzi hakimo katika hati kongwe za Yohana.

3. Kwa ushahidi mmoja, hukumu kitabu kizima. Mwaka 1961 jiwe lenye jina la Pilato lilipatikana Kaisaria: basi yote ni kweli! Herode alikufa mwaka 4 KK kwa hesabu ya wengi, na sensa ya gavana Kirenio ilikuwa mwaka 6 BK, lakini Luka anamzalisha Mariamu katika nyakati zote mbili: basi yote ni uongo! Jiwe lenyewe linasema Pilato alitawala. Alichomwambia Yesu, halina habari nacho.

4. Pokea kila kipande kipya kikiwa cha moto. Mwaka 2012 kila upande ulipata chake. Jirani alipewa papirasi ya “mke wa Yesu”, iliyokuja kuonekana ni ya kughushi. Shemeji alipewa tetesi za kipande cha Injili ya Marko cha karne ya 1. Kipande kilipochapishwa mwaka 2018, kikawa cha mwisho wa karne ya 2 au mwanzo wa ya 3.

5. Apa kwamba la kale ndilo sahihi. Hati ya Vatikano ni ya karne ya 4. Mwanzoni mwa Waebrania, mnakili aliandika kitenzi fulani, msahihishaji akakibadilisha. Karne nyingi baadaye akaja wa tatu, akarudisha cha mwanzo, na pembeni akamtolea uvivu msahihishaji: mjinga yule, mtu mbaya, si angeliacha neno la zamani lilivyo!

Wataalamu wamelinganisha na hati nyingine. Wengi wao wanaona aliyetukanwa ndiye aliyepatia.