Sebule ya Idi

Kumi la mwisho la Ramadhani, nyumba zetu huwa na ibada mbili: moja msikitini, nyingine juu ya kigoda, mtu akipangusa feni iliyozunguka na vumbi lake tangu Idi iliyopita. Mapazia yanateremshwa. Makochi yanavuliwa vitambaa, na chini ya mito zinaibuka kokwa za tende, sarafu ya shilingi mia na ile rimoti waliyosingiziwa watoto wa jirani.

Mwezi nao hauna huruma. Ukiandama usiku wa kuamkia siku ya 30, unamkuta mama mwenye nyumba bado kashika ufagio. Hapo usafi unageuka kuwa uhamisho: ndoo, pasi, marundo ya nguo, jiko la mkaa, vyote vinasukumwa chumba cha watoto na mlango unatiwa ufunguo. Mgeni akiuliza, ataambiwa kuna mtu amelala.

Kabati la vioo linafunguliwa. Sahani za maua zinatoka, zile ambazo baba aliyezinunua hajawahi kulia hata ugali. Yeye na plastiki yake, mwaka mzima. Udi unafukizwa mpaka paka wanakohoa.

Kisha mgeni mwenyewe anaingia, jicho kwenye simu. Anakula biriani haraka haraka, maana ana nyumba nyingine za kupitia. Pazia halitazami. Feni haioni. Anauliza jambo moja tu: choo kiko wapi? Na huko, shoga yangu, hakuna aliyekumbuka kufika na ufagio.