Simbilisi Hashiki Jembe

Mtoto akiomba mbwa, mzazi ana majibu tayari: mbwa anabweka, mbwa anauma, mwenye nyumba hataki. Akiomba paka, anaambiwa asubiri, kwa sababu paka wa mtaani haombwi, anajileta mwenyewe siku ya kukaanga samaki. Anayeomba simbilisi ndiye wa kuogopwa. Mzazi hajaandaa kisingizio. Anamtazama mnyama, anaona hana mkia, habweki, haparamii kuta, na ana sura ya mtu aliyeamshwa katikati ya usingizi mtamu. Anasema, "Haya." Ndivyo nilivyopata kuwa mtu anayejua bei ya pilipili hoho katika masoko ya Dar es Salaam kuwashinda wauza hoho wenyewe.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Simbilisi akitunzwa vizuri hukaa miaka 5 hadi 8, na jembe hashiki. Hilo ndilo jambo la kwanza la kupigia hesabu. Mtoto anayelilia mnyama akiwa darasa la tatu anaweza kuingia kidato cha nne mnyama yuleyule bado anadai mboga, na kufikia hapo mtoto atakuwa na mambo mengine ya kulilia.

Mjomba wangu anaishi Njombe, ambako watu wamewazoea simbilisi, na kwake yeye hao hula maganda jikoni na siku yao ikifika huingia chunguni. Nilipompigia simu kumpa habari, alifurahi sana.

"Mmeanza na wangapi?"

"Wawili, mjomba."

"Wawili watamtosha nani?"

Nikamweleza kwamba hawa si wa kula, ni wa watoto kuchezea, na tayari wamepewa majina: mmoja Bisi, mwingine Karanga. Kimya kikapita. "Mpwa wangu," akasema, "kitoweo hakipewi jina."

Kwa haki ya historia, mjomba ana watu nyuma yake. Mnyama huyu asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini, ambako alianza kufugwa maelfu ya miaka iliyopita, na alifugwa kwa ajili ya nyama. Wahispania walipofika huko katika karne ya 16 wakampeleka Ulaya, na huko ndiko alikopandishwa cheo kutoka chungu hadi mapajani. Nchini Peru bado ni kitoweo cha heshima. Ndani ya kanisa kuu la mji wa Cusco kuna picha ya Karamu ya Mwisho iliyochorwa na Marcos Zapata mwaka 1753, na katikati ya meza, kwenye sinia, amelazwa chali mnyama ambaye wengi wanamtambua kuwa simbilisi. Mjomba aliposimuliwa hilo alisema, "Unaona? Hata Mitume waliandaliwa." Binti yangu akatoka sebuleni bila kuaga.

Jambo la pili ni ukubwa wa ukoo. Simbilisi hapendi upweke. Akikaa peke yake hunyong'onyea. Uswisi imekuwa na sheria tangu mwaka 2008 inayokataza kumfuga mmoja bila mwenzake. Kaka yangu, kapera wa siku nyingi, aliuliza kama sheria hiyo inawagusa na binadamu. Basi lazima wawe wawili, na ni heri wawe wa jinsia moja. Hapo ndipo penye mtego, kwa sababu simbilisi dume na simbilisi jike, kwa mtu asiyewazoea, wanafanana kila kitu. Muuzaji wetu aliwageuza chali mmoja baada ya mwingine, akapuliza manyoya, akakunja uso, akaapa kwa jina la mama yake kwamba wote ni majike.

Karanga akaanza kunenepa. Sisi tukajipongeza kwamba hoho tunazomlisha zinafanya kazi. Kisha mjomba akaja Dar kwenye harusi, akashuka stendi ya Mbezi na kiroba chake cha viazi, na kabla hajanawa uso akawa ameshamwinua Bisi kwa mkono mmoja. "Huyu dume," akasema. Akampapasa Karanga tumbo taratibu. "Na huyu anao watatu, au wanne." Mke wangu akanitazama. Sikuwa na la kujitetea isipokuwa mama wa muuzaji.

Mimba ya simbilisi huchukua kati ya siku 59 na 72, kwa hiyo watoto hawazaliwi vichanga. Wanatoka na manyoya, macho wazi, meno kinywani, na baada ya saa chache wanakimbia. Siku inayofuata wanaonja majani ya mama yao. Balaa ni kwamba simbilisi hajui arobaini. Saa chache tu baada ya kujifungua anaweza kushika mimba nyingine, ilhali sisi bado tunapokea wageni wa pongezi. Na wale watoto madume wakifikisha wiki kama tatu inabidi watengwe na mama na dada zao, la sivyo ukoo utaandika historia ambayo hakuna mshenga atakayeifumbua. Nikakimbilia kwa fundi seremala. Akauliza banda ni la kuku wangapi. Nilipomwambia ni simbilisi wawili tu, na eneo lisipungue robo tatu ya mita ya mraba kwa sababu wanapenda kukimbia, alisema amewahi kupanga chumba kidogo kuliko hicho. Wakati tunasubiri amalize, Bisi alihamishiwa kwenye beseni la kufulia, na sisi tukafua kwa zamu kwenye ndoo.

Jambo la tatu ni joto. Mnyama wa milimani hana habari na Januari ya Dar es Salaam. Joto likipita nyuzi 27 au 28 anaanza kutaabika, na likizidi anaweza kufa. Mchana wa pwani wakati huo hupita 30 bila kupiga hodi. Feni ya sebuleni ikageuzwa uso kuelekea bandani. Chupa za maji zikagandishwa, zikafungwa kitambaa na kuwekwa humo ndani ili wenyewe waziegemee. Mgeni anayetokwa jasho akiuliza kama kuna feni, anaombwa asogeze kiti karibu na Karanga. Umeme ukiisha kwenye LUKU siku hizi hakuna anayeuliza habari ya televisheni, nyumba nzima inauliza, "Karanga je?" Mjomba alitazama shughuli hiyo yote, akasema kwao Njombe simbilisi analala bila feni na asubuhi anaamka mzima. Kwao Njombe na mjomba pia hulala na mablanketi mawili.

Jambo la nne ni tumbo. Meno ya simbilisi hayaachi kukua maisha yake yote, na yanasagwa na nyasi. Kwa hiyo nyasi kavu ndizo ugali wake. Lazima ziwepo mchana na usiku. Kijijini utanyoosha mkono nje ya dirisha. Mjini, nilionekana alfajiri kando ya barabara, nimevaa shati la ofisini, nina mundu na kiroba. Vijana wa bodaboda kijiweni waliniamkia kwa adabu, kisha mmoja akauliza, "Mzee, gari umeuza umenunua ng'ombe?" Nyasi za barabarani zenyewe hazifai, zimepitiwa na moshi wa magari na mbwa wa kila aina. Mwishowe tukapata mfugaji wa ng'ombe wa maziwa anayetuuzia robota, ingawa mpaka leo anaamini ninaficha ng'ombe.

Juu ya nyasi huja mboga, na hapa simbilisi ana udhaifu anaofanana nao na binadamu: mwili wake hautengenezi vitamini C. Wanyama wengi hujitengenezea wenyewe. Yeye na sisi tunategemea soko. Mwaka 1907 wataalamu wawili wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka tupu wakitafuta ugonjwa mwingine wa mabaharia, wakashangaa wanyama wamepata kiseyeye. Hivyo pumba na mabaki ya wali havitoshi. Kitu chenye vitamini hiyo, kama hoho, pera au sukuma wiki, kinahitajika kila siku. Viazi vibichi, vitunguu na parachichi ni marufuku. Mke wangu alipoisoma habari ya kiseyeye, alimgeukia mwanetu mdogo ambaye hula wali mtupu na kusukuma mboga pembeni. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu kuna msemo mmoja tu wakati wa chakula: "Karanga amemaliza zake."

Jambo la tano ni siri. Watu husema simbilisi ni mnyama mkimya. Ni kweli, mpaka ajue mboga zinakaa wapi. Wetu waliijua sauti ya mlango wa friji kabla ya kuzijua sura zetu. Friji likifunguka tu, hata kama ni maji ya kunywa, wote wanapiga miluzi mikali mpaka jirani anachungulia kama ni king'ora cha gari lake. Jambo hili lina athari kwa baba yeyote mwenye tabia ya kuamka usiku wa manane kutafuta chapati iliyobaki. Miluzi inaanza, kisha inafuata sauti kutoka chumbani: "Baba watoto, na chapati za asubuhi umezihesabu?"

Jambo la sita ni maradhi. Maduka ya dawa za mifugo yapo mengi, na yanamjua kuku, mbuzi na ng'ombe. Bisi alipoanza kupiga chafya, muuzaji mmoja aliuliza uzito wake, nilipomtajia kwa gramu akaniomba nirudie. Rafiki yangu akashauri nimpe amoksilini iliyobaki kabatini. Binti yangu, ambaye amesoma habari za simbilisi kuliko somo lolote la shuleni, akanizuia mkono: dawa za jamii ya penisilini huua bakteria wazuri wa tumbo la simbilisi na zinaweza kumuua mwenyewe. Kwa hiyo tafuta daktari wa mifugo anayewajua wanyama wadogo mapema, wakati hakuna anayeumwa. Ujue pia kwamba simbilisi anaweza kumwambukiza mtoto mapunye. Mwanetu alipoota duara kichwani, sisi tulikwenda kumfokea kinyozi, tukahama kinyozi, na mtaa mzima ukaambiwa juu ya kinyozi. Duara la namna hiyohiyo lilipoonekana mgongoni kwa Bisi, ilibidi turudi kwa kinyozi kuomba radhi na kumlipa anyoe familia nzima, pamoja na mjomba, ambaye hana nywele.

Jambo la mwisho ndilo zito: nani atafanya kazi? Simbilisi hutoa vinyesi zaidi ya mia moja kwa siku, na banda lisipofagiliwa kila siku nyumba hunuka zizi. Vingine, vile laini, hugeuka na kuvila mwenyewe moja kwa moja, maana ndivyo anavyopata virutubisho vilivyompita mara ya kwanza. Ni elimu nzuri, lakini si ya wakati mgeni anakunywa chai. Watoto wetu walitengeneza ratiba ya zamu kwa kalamu za rangi, wakaweka sahihi, wakaibandika mlangoni. Bado imebandikwa. Jina langu halimo popote katika ratiba hiyo, na kazi yote ninaifanya mimi.

Basi, msomaji mwenye mtoto anayeomba, usikatae na usikubali leo. Kama unaishi pwani na nyumba yako haina pahali pa ubaridi, mwombe mtoto achague mnyama mwingine. Kama pahali papo, tafuta nyasi kabla ya mnyama, na daktari kabla ya ugonjwa. Nunua wawili wa jinsia moja, na uwapeleke kwa mtu aliyewafuga akawakague kabla hujalipa, hata muuzaji akiapa kwa ukoo wake mzima. Piga hesabu ya hoho kwa miaka minane. Ukimaliza kuipiga, jiulize kama wewe, si mtoto, uko tayari kufagia banda saa kumi na mbili asubuhi. Ukiona uko tayari, walete. Na kama ukoo wenu una mjomba kutoka Njombe, siku anayofika hakikisheni kuna kuku.