Kwelea Kwelea Ndani ya Simu

Mkulima wa mpunga wa Kisawasawa, pale njiani ukitoka Kidatu kwenda Ifakara, hahitaji semina ili aelewe tangazo linalomrukia msomaji usoni. Anawajua kwelea kwelea. Ndege mmoja hula gramu kama 10 tu za nafaka kwa siku, na kwa gramu 10 hakuna ambaye angeamka alfajiri kupiga debe shambani. Balaa ni kwamba haji mmoja. Matangazo nayo ndivyo yalivyo, tofauti yake ni kwamba hapa anayepiga debe ni ndege mwenyewe. Unataka kusoma bei ya mchele, kinatua kidirisha cha kubeti. Ukikiwinga, kinatua kingine kuomba ukiruhusu kikuletee arifa. Ukikifukuza hicho, ukurasa mzima unafunikwa na ombi la kukubali vidakuzi. Kitufe cha Kubali kina upana wa kiganja. Alama ya X ya kufungia ni ndogo kama jicho la dagaa, na kidole kilichozoea mpini wa jembe kikiilenga kinaangukia tangazo lenyewe. Kukataa kunaruhusiwa, ila kumefichwa kurasa tatu ndani. Mwishowe kila mtu anabonyeza Sawa. Kama Kisawasawa kisingekuwa na jina tayari, tungejua pa kulitoa.

Simu ikiganda kwa mzigo huo, wa kwanza kulaumiwa ni simu, wa pili ni mwenye simu, kwamba amenunua ya bei chee. Naona hukumu hiyo inamwangukia asiye na kosa. Kivinjari cha Chrome kilipotoka mwaka 2008 kilikuja na mpango wa kuupa kila ukurasa sehemu yake ya kufanyia kazi, ili mmoja ukianguka usiiangushe mingine. Ni mpango wa busara, kama shughuli ambayo kila mgeni anapewa jiko lake na sufuria yake: pilau la mmoja likiungua, wengine wanakula. Lakini hesabu majiko. Kwenye simu ya GB 2 za RAM, ambazo mfumo wa simu umeshamega fungu lake, wageni wanne tu wanajaza ua. Hapo simu inafanya jambo la pekee inaloliweza, inamtoa nje mgeni aliyekaa kimya. Kwa bahati mbaya mgeni huyo ndiye mwenye shughuli. Mtu anajaza fomu ya mkopo wa chuo, anaombwa namba ya siri iliyotumwa kwa ujumbe mfupi, anatoka kwenda kuisoma, anarudi na kukuta ukurasa unafunguka upya, mweupe kama sanda. Jina, shule, namba ya mtihani, vyote havipo. Na kufunguka upya ni bando jingine, kwa hiyo uchache wa RAM unalipiwa kwenye vocha.

Wapo wanaoitetea hali hii. Mafundi husema RAM iliyo tupu haina faida, iachwe itumike. Kweli, hata ghala tupu halina faida, lakini mwenye ghala ndiye anayeamua aweke nini, si mpita njia mwenye magunia ya pumba. Utetezi wenye uzito zaidi ni kwamba matangazo ndiyo yanayolipia habari tunazosoma bure. Hilo silikatai, gazeti la karatasi nalo liliishi kwa matangazo. Ila halikumtoza msomaji nauli ya kulileta tangazo nyumbani, na msomaji wa mtandaoni anailipa kwa MB zake mwenyewe. Tena tangazo linaweza kukaa pembeni kwa adabu. Ethan Zuckerman (yule wa Facebook ni Zuckerberg, wasichanganywe), mmoja wa walioandika programu za mwanzo za vidirisha hivi miaka ya 1990, aliomba radhi hadharani mwaka 2014 katika jarida la The Atlantic. Chanzo, alieleza, ni kampuni ya magari iliyokasirika kukuta tangazo lake kwenye ukurasa wa mambo ya ngono, ndipo tangazo likatengewa dirisha lake. Yaani kero yote hii ilizaliwa na haya.

Atakayesema kwamba mtandao wa leo hauwezi kuwa mwepesi, afungue matokeo ya kidato cha nne ya Baraza la Mitihani. Ni jedwali tupu: namba ya mtahiniwa, jinsia, pointi, daraja, masomo. Hakuna picha inayocheza wala kidirisha cha kumpongeza aliyepata sifuri. Hakuna pia mzazi aliyewahi kulalamika kwamba ukurasa ule haujapambwa. Basi ndugu mnaotengeneza tovuti za mikopo na ajira, kabla ya kuzizindua kwa keki, zijaribuni kwa simu ya GB 2 na bando la siku. Jazeni fomu nusu, tokeni mkasome ujumbe, kisha rudini mwone kama mtaikuta.