Cheti cha Akili kwa Njia ya Simu

Mkulima wa Pito, huko Ufipa, ajipimaye akili kwa kujifurahisha, akiwa amezungukwa na intumba, yaani matuta ya mviringo ambamo Wafipa hufukia nyasi zioze ziwe mbolea, huulizwa na simu yake ni umbo gani lifuatalo mraba uliopinduliwa, kisha hutangaziwa kuwa ana alama 138, huku cheti kikisubiri malipo. Na hapo ndipo kipimo halisi huanza. Alfred Binet, aliyetunga kipimo cha aina hii pamoja na Théodore Simon huko Paris mwaka 1905, aliwatafuta watoto waliohitaji msaada shuleni, si watu wazima waliohitaji kusifiwa. Karibu na Bagamoyo, watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2002 waliwafundisha wanafunzi mbinu za kujibu kwa muda usiotimia saa moja, na alama zikapanda: akili, ambayo hudhaniwa kuwa ya kuzaliwa nayo, ilikuwa imeongezeka kabla ya chakula cha mchana. Hata hivyo, hakuna simu iulizayo kwa nini maharage hutangulia na ulezi hufuata matuta yakishabomolewa, pengine kwa sababu watunga maswali wangelazimika kununua majibu Pito.